Huruma kwa Mtoto Mgonjwa Ianzie Wapi?

Upo mjadala ambao katika nchi nyingine umekwisha kuwa sheria, na hapana shaka utabisha hodi kwetu pia: je, yafaa daktari kumkatishia uhai mtoto ambaye maradhi yake hayana tiba na maumivu yake hayavumiliki? Mwaka 2004 madaktari wa Groningen, Uholanzi, waliandika masharti ya kitendo hicho kwa watoto wachanga: kusiwe na tumaini, wazazi waridhie, daktari mwingine athibitishe, na mwendesha mashtaka aarifiwe. Mwaka 2014 Ubelgiji iliondoa kikomo cha umri, mradi mtoto awe na akili ya kujiamulia. Mwaka 2024 Uholanzi iliwaingiza watoto wa miaka 1 hadi 12.

Liko jambo moja ambalo wengi hawalitaji. Madaktari hao wa Groningen walipochapisha hesabu yao mwaka 2005, walieleza kwamba katika miaka saba watoto wachanga 22 waliouawa kwa njia hiyo waliripotiwa, na wote walikuwa na mgongo wazi wa hali mbaya kabisa. Ugonjwa huo tunaujua sana. Mara nyingi huandamana na kichwa kujaa maji, na hapa kwetu hupasuliwa. Mbale, nchini Uganda, Dakta Benjamin Warf aliendeleza njia ya kutibu kichwa hicho bila mpira wa kudumu. Unguja, upasuaji wa aina hiyo hufanywa Mnazi Mmoja. Mtoto huweza kubaki na miguu isiyo na nguvu na kuhitaji uangalizi wa kibofu maisha yake yote, hilo hatulifichi. Lakini huishi.

Sasa tuipeleke hoja hiyo Mang'ola, kandokando ya Ziwa Eyasi, mahali panapojulikana kwa vitunguu. Mama aliyejifungua mtoto wa namna hiyo huko hana budi kufika Karatu, kisha pengine KCMC, Moshi, na kila juma linalopita katika kutafuta nauli kichwa cha mtoto kinazidi kukua. Mama wa Kojani anayengoja mashua anaielewa safari hiyo bila kusimuliwa. Mtoto akifa njiani au nyumbani, hakuna atakayesema ameuawa. Katika hali hiyo, kumuuliza mzazi kama anaridhia mwanawe afe si kumpa hiari, kwani jibu lake limekwisha kuandikwa na umaskini.

Sheria za Bara na za Zanzibar hazikubali huruma kuwa ruhusa ya kuua, nasi hatuoni sababu ya kuzibadili. Kuondoa mashine isiyomfaa tena mtoto anayekata roho ni jambo jingine, na madaktari pamoja na wazazi waachiwe kuliamua kwa utulivu.

Kazi iliyopo ni nyingine. Uti wa mgongo wa mtoto hufunga katika siku 28 hivi za mwanzo wa mimba, kabla wanawake wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Kwa hiyo vidonge vya kliniki huchelewa. Ndiyo maana mwaka 2011 Serikali ilitunga kanuni za kutia virutubishi, pamoja na asidi ya foliki, katika unga wa viwandani. Lakini ugali wa Mang'ola hutokana na mahindi yaliyosagwa kwenye mashine ya kijiji, ambayo kwa kawaida haiongezi chochote. Maofisa wa afya na kilimo wangeanzia mashineni hapo.

Na kwa mtoto ambaye kweli hana tiba, yapo maumivu yanayotulizwa kwa dawa ya maji ya mofini, ambayo si ghali. Tangu mwaka 2004 Uganda imewaruhusu wauguzi waliofunzwa kuiandika wao wenyewe, bila kumngoja daktari aliye mbali. Tungependa Wizara zote mbili za Afya, ya Bara na ya Visiwani, zitueleze ni umbali gani mama wa Mang'ola au wa Kojani anapaswa kusafiri kuipata.