Umeme ulikatwa na barua pepe

Huku kwetu umeme ukikatika hakuna anayeshangaa. Tunawasha tochi ya simu, maisha inaendelea. Lakini tarehe 23 Desemba 2015, magharibi ya Ukraine, umeme ulikatwa na watu wenye walikuwa mbali, bila kugusa hata nguzo moja.

Mchana ile, mfanyakazi wa shirika la umeme la Ivano-Frankivsk aliona mshale wa kompyuta yake unatembea peke yake kwenye ekrani. Akajaribu kuushika, ukakataa. Unaenda kwenye swichi moja, unazima, unaenda kwenye ingine. Kisha akafukuzwa ndani ya mfumo, neno lake la siri limebadilishwa. Siku ile mashirika matatu yalipigwa, wateja karibu 225.000 wakabaki gizani, wengine lisaa limoja, wengine mpaka masaa sita.

Waliingia namna gani? Miezi mingi mbele, watu wa ofisi walipokea barua pepe zenye dokima za Word na Excel. Ukifungua, inakuomba uruhusu makro. Mtu akabonyeza, na programu mbaya inayoitwa BlackEnergy ikaingia. Ni kweli, kompyuta za ofisi haziongozi swichi. Ila kupitia huko waliiba maneno ya siri ambayo mafundi walitumia kuingia kwa mbali kwenye mfumo wa umeme, na mlango ule haukuomba kode ya pili, sawa ile tunapokea kwenye simu. Wakakaa wakichunguza polepole. Njo sawa kiwavi wa ndani ya shina la mahindi (nimesoma agronomia, mnisamehe): wakati unaona jani la katikati limekauka, yeye amekula zamani.

Siku yenyewe walijaza pia namba ya wateja kwa simu za bandia, tena wakaharibu vyombo vinavyopeleka amri kwenye vituo, ili kompyuta isiweze kurudisha kitu.

Basi mafundi wakapanda magari, wakaenda kituo kwa kituo, wakarudisha swichi kwa mkono. Vile vituo vya zamani vilikuwa bado na swichi za mkono, na watu wenye kujua kuzishika. Mimi njo fasi hii inanigusa, juu siye tunacheka sana mitambo ya zamani.

Tarehe 17 Desemba 2016 ikawa zamu ya Kyiv. Mara hii programu, Industroyer, ilijua yenyewe kusema lugha ya swichi, bila mtu kusukuma mshale. Sehemu moja ya mji ikazimika karibu lisaa limoja. Mafundi wakarudisha tena kwa mkono.