Hatari ya Kumfungia Mlevi Ndani

Familia nyingi zinazomleta ndugu yao mlevi kliniki ya afya ya akili huwa zimeshajaribu jambo moja kwanza: kumfungia chumbani, kumnyang'anya simu na pesa, na kumwacha ateseke kidogo ili ajifunze. Wanaamini pombe ni tabia tu, na kwamba angetaka angeacha. Naelewa uchovu unaowafikisha hapo. Lakini kwa mtu aliyekunywa kila siku kwa miaka, kukatiwa pombe ghafla kunaweza kumuua.

Pombe hupunguza kasi ya ubongo. Ikiingia mwilini kila siku, ubongo nao huongeza kasi yake ili mwenyewe aweze kutembea, kuongea na kwenda kazini. Ni kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja kutoka pande mbili: mmoja akiachia ghafla, mwenzake anaanguka kifudifudi. Saa chache baada ya glasi ya mwisho mikono huanza kutetemeka, jasho humtoka, moyo humwenda mbio, usingizi hauji. Kifafa kikitokea, mara nyingi hutokea ndani ya siku mbili za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne, baadhi huchanganyikiwa kabisa. Anayeamka alfajiri kutafuta cha kuzimua huwa anatuliza mwili ulioanza kumgeuka, na wala hapati raha yoyote.

Wodini hali hii ina sura yake. Mwanamume amelazwa kwa ajali ya bodaboda, mguu umevunjika. Siku ya kwanza anataniana na wauguzi. Siku ya tatu anapangusa siafu wasiokuwepo kwenye shuka, anamwita mama yake aliyekwisha kufariki, anataka kushuka kitandani aende nyumbani kwa mguu huohuo. Ndugu wanaanza kunong'ona: amerogwa, amepandwa na majini. Kumbe anakunywa gongo kila siku. Hospitalini hakuna aliyeuliza, na wao kwa aibu hawakusema.

Hali hii inatibika. Mgonjwa hupewa diazepamu kwa dozi inayopunguzwa siku hadi siku, maji ya kutosha, na vitamini B1. Hiyo vitamini ni ya bei nafuu, lakini ndiyo inayomwokoa asipoteze kumbukumbu moja kwa moja, kwa kuwa mnywaji wa kila siku hula kidogo na utumbo wake haufyonzi vizuri hata hicho alichokula. Kutetemeka kukishapita, kazi ya kubaki bila pombe ndiyo inaanza. Zipo dawa za kupunguza hamu, kama naltreksoni, na yapo mazungumzo ya miezi mingi na mshauri. Akirudia kunywa katikati ya safari hiyo, arudishwe kliniki kama anavyorudishwa mwenye kisukari ambaye sukari imempanda.

Wapo wanaojifariji kwamba baba yao anakunywa bia tu. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye kilevi asilimia 5 ina karibu kilevi kilekile kilichomo kwenye mililita 60 za pombe kali ya asilimia 40. Wengine husifia kwamba halewi hata anywe vipi. Kutokulewa kwa kiasi kinachowalaza wenzake ni dalili kwamba ubongo umeshazoea, na huyo ndiye wa kuangaliwa zaidi.

Kinachonitia hofu zaidi ni unga wa "dawa ya kuacha pombe" ambao wake na akina mama huuziwa wautie kwenye chai au mchuzi kwa siri. Ipo dawa halali iitwayo disalfiramu, ambayo humfanya mtu atapike, uso umwake na moyo umwende mbio akigusa pombe. Hutolewa kwa anayejua na aliyekubali. Mwenye ugonjwa wa moyo akipewa bila kujua, kisha akapita kilabuni kama kawaida yake, anaweza kufa.

Kwa hiyo anayekunywa kila siku na kuamka akitetemeka asiachishwe nyumbani. Mpelekeni hospitali, na mkifika semeni hata kama hamjaulizwa: anakunywa nini, kiasi gani kwa siku, na mara ya mwisho alikunywa lini. Akishaanguka kifafa au kuanza kuona visivyokuwepo, ondokeni naye usiku huohuo.