Herufi H kwenye karatasi ya maabara

Karatasi ya majibu ya thairoidi huonyesha jina la kipimo, kiasi kilichopatikana, na mipaka inayohesabiwa kuwa ya kawaida. Mgonjwa akiona herufi H (juu ya mipaka) au L (chini ya mipaka) kando ya TSH, hofu humwingia na kukaa naye hadi siku ya kumwona daktari bingwa, ambayo huenda iko wiki kadhaa mbele. Nasema namba ile ni nusu ya habari. Nusu ya pili anayo mgonjwa mwenyewe: dawa anazomeza, siku na saa aliyotolewa damu, mimba kama ipo, magonjwa ya ukoo, na jinsi mwili wake ulivyobadilika mwezi hadi mwezi. Asipoifikisha nusu hiyo, hata bingwa hodari atabaki kukisia.

TSH huwachanganya wengi kwa sababu haitoki kwenye thairoidi. Hutolewa na tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, ili kuiamuru thairoidi, tezi yenye umbo la kipepeo mbele ya koo, itengeneze homoni za T4 na T3. Homoni hizo zikipungua, pituitari huongeza amri na TSH hupanda. Zikizidi, pituitari hunyamaza na TSH hushuka. Kwa hiyo TSH kubwa kwa kawaida huashiria tezi iliyozembea, na TSH ndogo huashiria tezi inayofanya kazi kupita kiasi. Tena pituitari ni nyepesi mno kuhisi: T4 ikibadilika mara mbili, TSH yaweza kubadilika hata mara mia. Ndiyo sababu TSH huanza kuyumba wakati T4 bado imetulia ndani ya mipaka yake. Mwenye TSH ya 6 na T4 ya kawaida, na mwenye TSH ya 60 na T4 iliyoshuka, wote wameandikiwa H ileile. Lakini wa kwanza mara nyingi huambiwa arudie kipimo baada ya miezi miwili au mitatu, na wa pili anahitaji dawa.

Mipaka yenyewe nayo ina asili yake. Maabara nyingi huweka TSH kati ya 0.4 na 4 hivi, na mipaka ya namna hii hupatikana kwa kuwapima watu wazima wenye afya na kuchukua asilimia 95 walio katikati. Maana yake, katika kila watu mia wasio na ugonjwa, watano hivi wataangukia nje. T4 huandikwa kwa vizio viwili tofauti: 1.2 kwa nanogramu kwa desilita na 15.4 kwa pikomoli kwa lita ni kiasi kilekile, ingawa asiyejua atadhani homoni imepanda karibu mara kumi na tatu. Kwa hiyo pelekeni karatasi zenyewe, kwa mpangilio wa tarehe, wala msinakili namba peke yake.

Yapo pia mambo yanayopotosha kipimo. Biotini, vitamini iliyomo katika vidonge vingi vya kukuza nywele na kucha, huingilia mbinu zinazotumiwa na baadhi ya maabara, na majibu huonyesha tezi iliyopitiliza hali tezi ni nzima. Mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari juu ya jambo hili. Wengi hawavitaji vidonge hivi kwa daktari kwa kuwa hawavihesabu kuwa dawa; bebeni kopo lake. Mimba changa hushusha TSH yenyewe. Dawa ya moyo ya amiodaroni na dawa ya litiamu huweza kuivuruga tezi. Na anayetumia levothairoksini, dawa ya kufidia upungufu wa T4, akipimwa kabla ya wiki sita tangu dozi ibadilishwe, TSH yake bado iko njiani. Aliyekuwa akiruka dozi, kisha akameza kwa bidii siku chache kabla ya kipimo, huonekana na T4 nzuri na TSH iliyo juu. Amwambie daktari ukweli huo bila haya, maana akinyamaza ataongezewa dozi asiyoihitaji.

Wapo watakaosema kusoma majibu ni kazi ya daktari, na kwamba mgonjwa akijua kidogo atakwenda duka la dawa kujinunulia vidonge. Hofu hiyo ina msingi. Levothairoksini ikizidi huvuruga mapigo ya moyo na kudhoofisha mifupa, hasa kwa wazee. Lakini anayekimbilia duka la dawa ni yule aliyedhani H ni hukumu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, wa watu 737 wa Ulaya wenye umri wa miaka 65 na zaidi, waliokuwa na TSH iliyopanda kidogo huku T4 ikiwa ya kawaida, uliona kwamba dawa hiyo haikuwapunguzia uchovu wala dalili nyingine kuliko vidonge visivyo na dawa. Anayelijua hilo ana sababu ya kusubiri na kuuliza: je, turudie kipimo kwanza? Je, nipimwe kingamwili zinazoishambulia tezi?

Pingamizi la pili hutoka kwa mwenye rovu aliyeambiwa majibu yake ni mazuri, akaona amedharauliwa. Damu hueleza kazi ya tezi, haielezi umbo lake. Tezi yaweza kuvimba au kuota vinundu huku TSH ikiwa sawa kabisa, na hapo ultrasaundi ndiyo inayofaa. Aseme uvimbe ulianza lini, kama unakua, na kama sauti imekwaruza.

Wengine wasingoje tarehe waliyopewa. Anayeshindwa kupumua, au ambaye moyo unamwenda mbio hata akiwa amelala, aende hospitali siku hiyohiyo. Anayetumia kabimazoli, dawa ya kutuliza tezi iliyopitiliza, akipata homa na koo kuuma, apimwe chembe nyeupe za damu mara moja, kwa kuwa dawa hiyo kwa nadra huzimaliza. Na mwenye mimba changa ambaye TSH yake imepanda apige simu kliniki leo: katika miezi ya mwanzo ubongo wa mtoto hutegemea T4 ya mama, maana tezi ya mtoto bado haijaanza kujitosheleza.