Gari Chini ya Taa, Picha Ukutani

Ukumbi wa kuuzia magari mapya mjini hupangwa kama makumbusho. Gari huachwa peke yake sakafuni, ukuta wa nyuma ukiwa mweupe au wa kijivu, na mnunuzi hulizunguka polepole kabla hajauliza bei. Kuzunguka huko kunakula nafasi. Gari dogo la kawaida lina urefu wa mita 4.5 hivi na upana wa mita 1.8, likiachiwa mita moja na nusu kila upande ili milango ifunguke na watu wapishane, linamaliza mita za mraba 36. Kwenye yadi ya magari yaliyotumika, ambako dereva hushuka kwa kujibana, eneo hilo lingetosha magari matatu. Anasa ya kwanza inayouzwa shorumu, basi, ni nafasi tupu.

Ya pili ni mwanga. Bodi ya gari iliyong'arishwa ni kioo kilichopinda, na taa ndefu za darini huakisiwa juu yake kama mistari. Mistari ikiteleza bila kukatika kuanzia boneti hadi buti, jicho huona umbo ambalo mwanga wa jua la mchana ungelificha. Ikivunjika ghafla, hapo pana bonde. Fundi wa kunyoosha bodi hukagua kazi yake kwa njia hiyohiyo.

Ukaribu wa shorumu na makumbusho ulianza zamani. Katikati ya miaka ya 1950 mbunifu wa Marekani Frank Lloyd Wright alisanifu shorumu ya magari katika mtaa wa Park Avenue, New York, yenye jukwaa la kuzunguka na njia ya mteremko iliyopinda kando yake. Mwaka 1959 makumbusho ya sanaa ya Guggenheim, aliyoyabuni yeye pia, yalifunguliwa katika jiji hilohilo, na humo watu hutazama picha wakitembea kwenye njia ya mteremko wa mzunguko. Shorumu ilibomolewa mwaka 2013, makumbusho yapo. Baadaye gari lenyewe likawa turubai: mwaka 1975 msanii Alexander Calder alilipaka rangi gari la mashindano la BMW, na mwaka 1991 Esther Mahlangu wa Afrika Kusini, Mwafrika wa kwanza kupewa kazi hiyo, akachora nakshi za Kindebele kwenye BMW 525i.

Kutundika picha karibu na gari, hata hivyo, si jambo la kupigilia msumari tu. Mwanga unaolipendeza gari huiua picha. Makumbusho huzuia mwanga usizidi takriban luksi 50 kwa kazi za karatasi na vitambaa, na luksi 200 kwa rangi za mafuta. Taa za shorumu huvuka viwango hivyo mara kadhaa, na bado jua linalopenya ukuta wa vioo halijahesabiwa. Katika nchi za ikweta kuta za mashariki na magharibi ndizo hupigwa zaidi na jua la pembeni. Batiki iliyotundikwa mkabala na kioo cha magharibi itapauka kabla magari hayajabadilishwa mara nyingi.

Tanzania ina sanaa inayostahimili mazingira hayo kuliko nyingi, nayo ilizaliwa na rangi za aina moja na za vyombo vya usafiri. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 akitumia rangi za baiskeli kwenye vipande vya hadibodi. Aliuawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, lakini wanafunzi wake waliendelea, na hadi leo wachoraji wa mtindo huo wanafanya kazi Oyster Bay, karibu na Morogoro Stores. Rangi hiyo hung'aa, hufutwa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, na rangi zake kali hazimezwi na bodi nyekundu ya gari iliyo jirani. Mchoro wa rangi ya maji ungepotea hapo.

Magari mengi yanayofika Same, mji wa mkoani Kilimanjaro, hayakupitia ukumbi wa namna hii. Hushushwa bandarini Dar es Salaam yakitoka Japani, yakiwa tayari yametumika, kisha hupandishwa kwa barabara kuu ya kwenda Moshi na Arusha. Lakini mji huo unafaa kupimia yaliyosemwa. Uko magharibi ya Milima ya Pare, upande usiofikiwa vizuri na mvua za Bahari ya Hindi, hivyo ni mkavu na wa vumbi. Shorumu hapo ingehitaji milango miwili mfululizo, kibaraza kirefu upande wa machweo, na vioo vichache kuliko wauzaji wapendavyo.

Kuna pia suala la kimo. Picha kwa kawaida hutundikwa katikati yake ikiwa mita moja na nusu hivi kutoka sakafuni, usawa wa macho. Gari dogo huiacha ionekane. Magari yanayotakiwa kwa barabara za milimani, Land Cruiser na Noah, yana kimo cha karibu mita 1.9 na huiziba kabisa. Picha zingepandishwa juu, au zingeachwa na mahali pake kuwekwa sanamu za chuma zinazosimama sakafuni katikati ya magari.

Kwa Upare chuma kingekuwa chaguo lenye mizizi. Huko Ugweno, Pare ya Kaskazini, ukoo wa Washana ulijulikana kwa uhunzi: mchanga mweusi wenye madini ya chuma uliyeyushwa kwenye tanuru kwa kuvukutwa, na majembe na silaha zikauzwa hadi kwa Wachaga. Chuma hakipauki kwa jua. Kinachohitajika ni kukikaza sakafuni kwa bolti, mbali na pale mlango wa gari unapofungukia.