Wapendanao, Baiskeli na Basi la Lushoto

Siku hizi ukiwauliza wapenzi wa Dar au Arusha wikiendi wanakwenda wapi, wengi watakutajia Lushoto. Na kwa nini wasiende? Baridi ya kule inataka mkumbatio, mapeasi yanauzwa kando ya barabara, halafu kuna baiskeli za kukodi. Hapo kwenye baiskeli ndipo tuongee kidogo, mpenzi msomaji, maana barabara ile mnagawana na mabasi.

Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita 33 hivi. Unashuka karibu mita 1,000, kona juu ya kona, mlima upande huu, bonde upande ule. Katikati kuna Soni na njia panda ya Bumbuli. Chini kabisa, Mombo, unaingia barabara kuu ya Dar na Moshi. Basi linalotoka Lushoto kwenda Dar au Tanga hapo linakata kushoto. Na kushoto ndiko anakokaa mwendesha baiskeli.

Mimi na mume wangu tulinuniana pale pale. Basi lilikuwa limesimama likingoja nafasi, yeye akaona upenyo kushoto kwake. "Bebi, tupenye hapa tuwahi." Nikamwambia, "Baba Junior, mimi sipenyi." Akaona namtilia kauzibe. Basi likaanza kukata kona, tairi la nyuma likapita pale pale alipotaka kupita. Hakusema kitu. Aliomba maji tu.

Wengi tunaogopa pua ya basi, kumbe hatari iko ubavuni. Basi kubwa lina urefu wa mita 12 hivi, na likikata kona tairi za nyuma hazifuati zilipopita za mbele. Zinakatiza kwa ndani, na kona ikiwa kali tofauti inazidi mita 1. Ndiyo maana dereva huanza kwa kutanua kulia, wewe ukadhani amekupisha. Hajakupisha! Anatafuta nafasi ya mkia wake, kisha anarudi kushoto na upenyo unafumba. Isitoshe, usukani uko kulia. Kule chini karibu na mlango kuna sehemu ambayo kioo cha pembeni hakiionyeshi. Usipouona uso wa dereva kwenye kioo chake, naye hakuoni. (Ukiuona, bado si lazima awe anakutazama wewe.) Kukimbilia kulia nako si dawa, kwani kichwa kikienda kushoto, mkia unachomoza kulia.

Sasa sisi wapendanao tuna kaugonjwa ketu ka kuendesha sambamba, stori zinanoga, wengine mpaka wanashikana mikono. Jamani, hayo yafanyieni kwenye njia za Irente. Kwenye lami fuataneni, na mzoefu akae nyuma ili amwone mwenzake. Basi likiwa mbele na kona inakuja, bakini nyuma yake mpaka limalize. Likiwa nyuma yenu, tokeni pembeni lipite. Indiketa msiiamini sana, nyingine haziwaki.

Mkirudi Dar ni yale yale. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, yalikuja na yale marefu ya kukunja, mita 18. Njia ya baiskeli kando ya Barabara ya Morogoro inakusaidia, lakini ukifika njia panda uko peke yako.

Ila lawama zote tusiwabebeshe wa baiskeli. Sisi wageni tunaweza kuahirisha. Kijana mwenye gunia la kabichi kwenye keria hawezi, na mteremko unamsukuma, hasimami ghafla. Dereva ndiye wa kumpa nafasi. Tena mabasi yetu yana mtu ambaye wenzetu wa Ulaya hawana: konda. Mlango uko kushoto, naye yuko mlangoni, anaona asichokiona dereva. Ingekuwa amri yangu, basi lisingekata kushoto kabla konda hajachungulia nje na kugonga bodi. Ukiwa abiria dirisha la kushoto ukaona baiskeli ubavuni, paza sauti: "Konda, baiskeli!" Abiria wakikucheka, waache wacheke.