Balozi na Ubalozi

Katika madarasa yetu twasikia mara nyingi ya kwamba neno balozi ni la Kiarabu, na maswali hukoma hapo. Ni kweli Waarabu wa Ghuba walimwita mkubwa wa Kiingereza aliyekaa kwao balyoz, lakini shina la neno hili si la Kiarabu. Walilipata kwa Waturuki, na Waturuki kwa watu wa Venice, ambao kwa karne nyingi waliweka mtu wao Constantinople awaangalie wafanya biashara wao na kusema kwa Sultani kwa niaba yao. Mtu huyo aliitwa bailo, jina litokalo katika Kilatini baiulus, yaani mchukuzi wa mizigo. Basi mheshimiwa huyu apandishaye bendera, kwa asili ya jina lake, ni hamali!

Waswahili waliiacha sauti ya y, wakatia irabu mwishoni kama ilivyo desturi ya lugha yetu. Lakini kwa nini hawakutosheka na neno mjumbe, walilokuwa nalo? Twaona jibu katika habari za Unguja. Mwaka 1840 Seyyid Said alimtuma Ahmad bin Naaman kwenda New York katika merikebu Sultanah. Akaenda, akauza na kununua, akarudi. Huyo ni mjumbe. Bali Richard Waters wa Marekani, aliyefika Unguja mwaka 1837, na Hamerton wa Uingereza, aliyemfuata mwaka 1841, walikaa miaka mingi, kila mmoja na nyumba yake mjini. Mjumbe hujulikana kwa safari yake, balozi kwa makao yake. Ndiyo sababu jina la balozi wa nyumba kumi, lililoenea Tanganyika katika miaka ya 1960, halikupotoka sana: naye akaa kati ya watu.

Katika Biblia ya mwaka 1952, Paulo na wenzake huitwa wajumbe wa Kristo, si mabalozi. Kwetu ni sawa, maana Paulo alikuwa mtu wa njiani.

Zamani balozi alikuwa konseli. Siku hizi huyo huitwa balozi mdogo. Ubalozi nao ni cheo, tena ni nyumba yenyewe na watu wake wa kazi. Hapa wanafunzi hukosea katika wingi. Tukisema mabalozi wetu wameitwa nyumbani, twanena watu. Tukisema balozi zetu zimefungwa, twanena nyumba, kwa kuwa ubalozi huacha u- yake kama ukuta na kuta.