Kijuju: mji wa gemu unaosema Kiswahili na kulipa kwa naira

Mfanyabiashara anayevuka Busia, Namanga au Rusumo hujiuliza mambo mawili kabla ya kushusha mzigo: hapa watu wanasema lugha gani, na wanapokea fedha gani? Waliobuni gemu ya Resident Evil 5 hawakusumbuka na maswali hayo. Mji wao wa kubuni, Kijuju, uko Afrika Magharibi na fedha inayookotwa humo ni naira, lakini wakazi wanaomvamia mchezaji kwa mapanga wanapiga kelele kwa Kiswahili.

Gemu hiyo ilitolewa Machi 2009 na kampuni ya Capcom ya Japani, na imeuza mamilioni ya nakala. Inamhusu Chris Redfield, Mmarekani, na mwenzake Mwafrika, Sheva Alomar, wanaowasaka wauzaji wa silaha za kibaiolojia. Wakazi wa Kijuju wameingiziwa vimelea vinavyowatoa akili. Wanaitwa Majini, jina lililochotwa kwenye Kiswahili.

Uzuri wake mkubwa ni ubia. Watu wawili wanaweza kucheza kwenye televisheni moja iliyogawanywa, au kila mmoja kwake kupitia intaneti. Kila mhusika ana nafasi tisa tu za kubebea vitu, hivyo lazima wapatane nani abebe risasi na nani abebe dawa. Mmoja akianguka, mwenzake ana sekunde chache za kumfikia na kumwinua. Akichelewa, wote wawili wameshindwa. Mwenye risasi nyingi asiyegawa hufa na mali yake mfukoni. Aliyewahi kuchanga mtaji na mwenzake ataielewa hesabu hiyo bila kufundishwa.

Kasoro huanza pale mtu anapocheza peke yake. Kompyuta ndiyo inayomwongoza Sheva, na mara nyingi anamaliza risasi kwa adui mdogo au kutumia dawa kwa jeraha dogo. Mchezaji hawezi kutembea huku akifyatua risasi, na akifungua mkoba wake adui hawamsubiri. Hofu nayo imepungua. Sehemu kubwa ya mapambano ya mwanzo ni juani, na mtu mwenye bunduki na mwenzake ubavuni haogopi kama aliye peke yake gizani.

Lakini lawama nzito zaidi haikuhusu uchezaji. Filamu fupi ya kuitangaza ilipoonyeshwa mwaka 2007, ilizua ubishi mkali kwa picha yake ya mzungu akiumiminia risasi umati wa Waafrika. Miongoni mwa waliokosoa ni N'Gai Croal, aliyekuwa mwandishi wa jarida la Newsweek. Watengenezaji walisema hawakukusudia ubaguzi. Hata hivyo, gemu ilipotoka ilikuwa na sehemu ya kinamasi ambako wakazi wanashambulia kwa mikuki, wamevaa vinyago na majani.

Kwa msomaji wa ukanda huu, suala la lugha lina uzito wake. Mpakani, Kiswahili ndicho kinachomwezesha muuza mahindi na mnunuzi wasiojuana kupatana bei, kukopeshana na kuagana kwa amani. Kijuju hakuna anayekitumia kuuza wala kusalimia. Ni sauti ya mtu anayekuja kukuua, na imehamishwa maelfu ya kilomita kutoka kwa wenyewe kana kwamba Afrika nzima ni soko moja lenye lugha moja.

Anayetaka gemu ya kucheza na rafiki atapata thamani ya fedha yake. Anayepanga kuwapelekea watoto nyumbani aiache dukani, kwani Ulaya imewekewa alama ya miaka 18 kwa sababu ya ukatili wake. Na vijana wetu wanaotengeneza gemu wameachiwa nafasi wazi: mji unaosema Kiswahili ambamo watu wanaishi, wanauza na kununua.